Mdhamini aliyefutwa na fanksheni iliyosema bado yupo

Ilianza na karatasi. Yule mama mhasibu wa SACCOS alinipigia simu saa tano asubuhi akaniambia, mwanangu njoo uone maajabu ya mashine yako. Nikamwambia shikamoo mama, ninakuja. Nilipofika akanipa mkataba wa mkopo uliotoka kwenye printa muda si mrefu, una wadhamini watatu, wa kwanza jina lipo, wa pili lipo, wa tatu namba yake ipo lakini jina hakuna, pengo tupu kama jino lililong'oka.

Akasema, wakati anaingiza ile namba kwenye fomu kompyuta ilimkubalia, ikamwandikia mdhamini yupo. Sasa kama yupo jina lake limekwenda wapi?

Niwaeleze kidogo mazingira. Hii ni SACCOS ya wafanyakazi huku Moshi, sio kubwa, wanachama mia tano na kitu. Mfumo wao uliandikwa na jamaa mmoja zamani kwa Visual FoxPro 9, programu ya kutengenezea mifumo ya kuhifadhi data, jamaa akaenda zake masomoni, mimi nikarithi. Ndio, FoxPro, wala msicheke. Ilianzia kwa kampuni ya Fox Software kule Ohio, Microsoft wakainunua 1992, toleo la 9 likatoka mwisho wa 2004 na ndio likawa la mwisho, Januari 2015 wakafunga kabisa hata msaada. Lakini faili za dbf, ambamo FoxPro inaweka data yake, hazijui kwamba Microsoft wamefunga. Zinafungua kila asubuhi, zinaandika marejesho, zinatoa risiti, na kwenye Windows 10 inaruka vizuri tu kuliko mifumo mingine mipya niliyowahi kuiona inazunguka kiduara mpaka mtu anakunywa chai.

Basi nikakaa. Nikafungua jedwali la wanachama nikatafuta ile namba ya mdhamini wa tatu, hayupo. Nikatafuta kwa jina alilonitajia mama, hayupo. Mama akaniambia huyu bwana si alijitoa mwaka jana, alihamishwa akachukua akiba yake na hisa zake akaondoka. Hapo kengele ikagonga kichwani, nikaandika SET DELETED OFF, nikafungua jedwali tena, na bwana yule huyu hapa ametulia na jina lake lote na alama nyeusi pembeni ya rekodi yake.

Kwa wasiojua hizi faili, kufuta kwenye dbf sio kufuta. Kila rekodi ina baiti moja mbele kabisa kabla ya data yoyote, rekodi ikiwa hai pale kuna nafasi tupu, ukiifuta panawekwa nyota. Basi. Jina lipo, namba ipo, simu ipo, kila kitu kipo, imebandikwa nyota tu. Unaweza kuirudisha kwa RECALL siku yoyote. Itaondoka kweli siku utakapofanya PACK. Na kama programu iione ile rekodi au isiione inategemea SET DELETED, ambayo jina lake lenyewe ni mtego maana ukiiweka ON ndio zilizofutwa zinafichwa, ukiiweka OFF zinaonekana. Mimi hata leo huwa nasita sekunde mbili kabla ya kuandika.

Sasa mfumo wetu unaanza na SET DELETED ON kwenye programu kuu, mstari wa kumi na kitu, niliuona kwa macho yangu. Kwa hiyo aliyefutwa asionekane. Na kwenye mkataba kweli hakuonekana, programu ya kuchapa inafanya SEEK, yaani amri ya kutafuta rekodi, haimpati, inachapa jina tupu. Lakini fomu ya mkopo ilimwona. Namba moja, jedwali moja, saa ileile, sehemu mbili za programu zinatoa majibu mawili tofauti.

Nikafungua kodi ya fomu, yaani maandishi ya programu yake. Kumbe jamaa hakutumia SEEK pale, alitumia INDEXSEEK.

INDEXSEEK ni fanksheni nzuri sana, nisije nikaisema vibaya. Ukitumia SEEK, pointa ya jedwali, yaani alama ya rekodi unayoishughulikia, inahama inakwenda kukaa kwenye rekodi iliyopatikana. INDEXSEEK ukiiacha bila kuiambia ihame, inakwenda kwenye indeksi, ile orodha ya pembeni ya kutafutia, inaangalia kama ule ufunguo upo, inakujibu ndiyo au hapana, na pointa yako haijasogea hata hatua. Haraka kweli. Sasa hapo hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu faili ya indeksi haibebi habari ya nyota. Nyota iko kwenye rekodi, na hii fanksheni raha yake yote ni kwamba haifungui rekodi. Ni kama kumuuliza mlinzi getini, fulani anakaa hapa? Naye badala ya kwenda kugonga mlango anaangalia orodha ya wapangaji iliyobandikwa ukutani, anakwambia ndiyo, anakaa. Mlinzi hajadanganya, jina lipo ukutani. Mpangaji ndiye alishahama.

Nikajaribu kwenye dirisha la amri mara tano. SET DELETED ON, INDEXSEEK, jibu ndiyo. SEEK, jibu hapana. Nikazima kompyuta nikawasha. Vilevile.

Sasa hapa ndipo nilipoanza kufanya makosa yangu, na nitayasema yote.

Kosa la kwanza nilifikiri, si tatizo ni rekodi zilizofutwa, basi tuziondoe kabisa. Nikawaambia wafanyakazi watoke wote kwenye mfumo saa kumi na moja jioni, maana PACK inataka jedwali ulishike peke yako, nikachukua bakapu kwenye flashi, nikafanya PACK. Dakika mbili imekwisha. Bahati tu umeme haukukatika katikati, maana PACK ikikatiziwa njiani unaweza kubaki na jedwali ambalo hata Mungu akiliangalia anahuzunika. Asubuhi nikajaribu ile namba, INDEXSEEK ikasema hapana. Nikajiona bingwa.

Wiki iliyofuata mwanachama mwingine akajitoa, wakamfuta, tatizo likarudi palepale. Nilikuwa nimepiga deki sakafu bomba bado linavuja. Halafu mwisho wa mwezi akaja mkaguzi, akaomba orodha ya waliojitoa ndani ya miaka mitatu na walilipwa shilingi ngapi. Mama akanigeukia. Mimi nikaangalia dirishani. Ile orodha ndiyo niliyoipiga PACK jioni ile huku napiga mluzi. Iliokolewa na flashi, nikairudisha kwenye faili la pembeni, tukatoa orodha, mkaguzi akaondoka hajajua lolote, ila jasho nililolitoa siku ile nalijua mwenyewe.

Basi nikasema sasa nirekebishe kodi kiume. Nikaingia kwenye fomu, nikafuta INDEXSEEK nikaweka SEEK. Neno moja. Nikajaribu kwa haraka na namba ya mtu hai, ikakubali, nikaondoka.

Saa nane mchana simu. Mwanangu, huyu mdhamini ndiye amepewa mkopo.

Nikauliza vipi mama? Akasema, nimeingiza mkopaji, nimeingiza wadhamini, nimebonyeza hifadhi, kuja kuangalia, mkopo umekwenda kwa jina la mdhamini wa mwisho. Milioni tatu. Ashukuriwe Mungu yule mama haamini kompyuta, kila kitu anakihakiki kwenye skrini kabla hajachapa, angekuwa mwingine hela ingeshaingia kwenye akaunti ya mtu ambaye hakuomba.

Nilipotulia nikaelewa. Fomu ile inaonyesha mkopaji kutoka jedwali la wanachama, na wakati wa kuhifadhi inasoma namba ya mwanachama pale pointa ilipo. Mimi nikaweka SEEK kwenye jedwali lilelile, kwa hiyo kila ukiingiza mdhamini pointa inahama kutoka kwa mkopaji inakwenda kwa mdhamini, inabaki hukohuko. Ndio maana jamaa wa zamani alitumia INDEXSEEK! Hakuwa mjinga, alikuwa anakwepa hili hili. Na kuna baya zaidi ambalo halikutokea kwetu kwa bahati tu, kama jedwali lina bafa ya rekodi moja moja, yaani mahali mabadiliko yanaposubiri kabla ya kuhifadhiwa, kuhamisha pointa peke yake kunahifadhi mabadiliko yaliyokuwa yanasubiri, yaani mtu hajabonyeza chochote na data imeshaandikwa. Mimi nilikuwa nimemsema sana yule jamaa moyoni wiki nzima. Nikanyamaza.

Jioni ile nikafuta ule mkopo pamoja na mama, yeye kasimama nyuma ya kiti changu kakunja mikono, nikarudisha INDEXSEEK, nikaandika kwenye kikaratasi nikabandika kwenye skrini: HAKIKI WADHAMINI KWA DAFTARI. Aibu, lakini ilikuwa salama kuliko kodi yangu.

Nyumbani nikakaa nalo. Ninachotaka ni vitu viwili kwa pamoja, nitafute kwa SEEK inayoheshimu SET DELETED, na pointa ya fomu isiguswe. Jibu lilikuwa kwenye kitu ambacho nilikijua siku zote sema sikukikumbuka, FoxPro inakuruhusu kufungua jedwali moja mara ya pili kwa jina lingine, na kila ufunguzi una pointa yake. Kwa hiyo:

USE wanachama AGAIN IN 0 ALIAS wan_tafuta
lYupo = SEEK(cNamba, "wan_tafuta", "namba")

Hapo SEEK inahamisha pointa ya wan_tafuta inavyotaka, izunguke mpaka ichoke, wanachama ya fomu imetulia. Nikajaribu kwenye dirisha la amri kwenye laptopu yangu, aliyefutwa jibu hapana, aliye hai jibu ndiyo, pointa haijasogea. Saa sita usiku nikalala usingizi wa mtoto.

Asubuhi nikaiweka ofisini. Nikaingiza namba ya aliyejitoa. Mdhamini yupo.

Aisee. Nilikaa pale kama dakika nzima. Kodi ni ileile, data ni ileile, usiku imekataa, asubuhi inakubali. Nikaanza kumshuku mpaka mtu wa mtandao. Mama akaniletea chai, akaniambia kunywa kwanza, na kweli wakati nakunywa ndio nikapata wazo la kuuliza swali la kijinga, nikaweka kwenye fomu kisanduku cha ujumbe kinionyeshe SET("DELETED") ni nini ndani ya fomu. Ikaandika OFF.

Hiki ndicho kilichonifundisha kuliko vyote. Fomu ikiwa na kipindi chake binafsi cha data, wenyewe wanaita private data session, haichukui mipangilio yote ya programu kuu, mingine inaanza upya kwenye hali ya kiwandani, na SET DELETED ni mmojawapo, hali yake ya kiwandani ni OFF. Ule mstari wa ON niliouona kwenye programu kuu unatawala sebuleni tu, kila fomu inayofungua ni chumba chenye mlango wake na sheria zake. Kwenye dirisha la amri nilikuwa sebuleni. Kumbe hata ile siku ya SEEK ya kwanza, kama mkopo usingekwenda kwa mtu mwingine bado fomu ingemkubali aliyejitoa, sema lile janga kubwa lilifunika dogo, sikupata hata muda wa kuliona.

Kwa hiyo kulikuwa na magonjwa mawili yanayotoa dalili moja. INDEXSEEK ilikuwa haiangalii nyota, na fomu yenyewe ilikuwa haijaambiwa iifiche nyota. Ungetibu moja ungemkuta mgonjwa bado anakohoa. Nikaenda kwenye klasi mama, ambayo fomu zote zinarithi kwake, kwenye Load, sehemu inayotekelezwa fomu inapofunguka, nikaandika SET DELETED ON, na palepale nikaongeza na SET EXACT maana nayo inarudi OFF vilevile, na hiyo ikiwa OFF mtu akitafuta "012" kwenye namba za herufi anaweza kuambiwa yupo kwa sababu ya "0127". Hilo lilikuwa halijatupata bado. Au lilishatupata hatukujua.

Halafu nikaandika fanksheni yangu ndogo nikaiita YupoHai. Inapokea namba, inajaza sifuri mbele mpaka urefu kamili, inaangalia kama wan_tafuta imeshafunguliwa na kama bado inaifungua, inahakikisha DELETED iko ON inakumbuka ilikuwaje mwanzo, inafanya SEEK, inarudisha mpangilio kama ulivyokuwa, inajibu. Mistari kama kumi na tano. Nikapitia mradi mzima nikatafuta kila INDEXSEEK, zilikuwa tisa, nikabadilisha saba. Mbili niliziacha makusudi kwa sababu pale tulikuwa tunataka kujua kama namba imewahi kutumika, hata na aliyeondoka, na hapo upofu wake kwa nyota ndio dawa yenyewe. Nikaandika maelezo juu ya kila moja ili atakayerithi asije akaniita mjinga, kama mimi nilivyomwita mwenzangu.

Kuna njia nyingine nilizijaribu. Unaweza kutengeneza indeksi yenye masharti, INDEX ON namba TAG hai FOR NOT DELETED(), basi aliyefutwa anaondolewa kwenye ile orodha ya ukutani kabisa na hata INDEXSEEK inatoa jibu sahihi bila kusumbuliwa. Safi sana. Sikuifanya ndio njia kuu kwa sababu indeksi yenye sharti la FOR haitumiki na Rushmore, ufundi wa ndani wa FoxPro wa kuharakisha maswali, kwa hiyo bado unahitaji ile ya kawaida, na mtu akikosea akatafuta kwa tagi ya zamani, yaani ile indeksi isiyo na sharti, umerudi palepale. Ila ilinisaidia kwenye jambo lingine. Indeksi ya namba ilikuwa ya kipekee, na upekee kwenye FoxPro unahesabu na waliofutwa. Mwanachama akijitoa halafu akarudi, ukimwingizia namba yake ya zamani inagoma, inasema upekee wa indeksi umevunjwa, wewe unaangalia orodha humwoni mwenye namba hiyo. Wahasibu waliopita walikuwa wamegundua dawa yao ya kienyeji, wanaongeza B mwishoni. Nilikuta 0217B, 0344B, na mmoja alijitoa mara mbili akarudi mara mbili ana C. Nikaweka upekee kwenye ile tagi ya walio hai, watu wakarudishiwa namba zao. Mzee wa C alikuja ofisini mwenyewe kuuliza kama amepoteza kitu.

SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali, nayo ilikuwepo, SELECT ya kawaida inaheshimu SET DELETED, ila inasoma diski, kama kuna mabadiliko kwenye bafa hayajahifadhiwa haiyaoni mpaka uiongezee WITH BUFFERING, na hiyo iko toleo la 9. Kwa kuhakiki namba moja moja wakati mtu anaandika niliona nachukua lori kwenda kununua nyanya.

Kilichobaki kilikuwa mikopo iliyokwishatoka. Hii hakuna kodi ya kuirekebisha. Nikawarudisha kwanza waliojitoa kutoka kwenye flashi mpaka kwenye jedwali la wanachama, na nyota zao, nikaweka SET DELETED OFF, nikaunganisha jedwali la wadhamini na la wanachama nikatoa kila mkopo ambao bado unadaiwa na una mdhamini mwenye nyota, nikalinganisha tarehe ya mkopo na tarehe ya kujitoa. Ikatoka kumi na moja ambayo mdhamini alikuwa ameshaondoka kabla hajadhamini. Yaani mtu amehama mji, amechukua akiba yake, halafu miezi minne baadaye anamdhamini mwenzake bila kujua. Majina yalikuwa hayapo kwenye mikataba, na watu walikuwa wanayajaza kwa kalamu wakidhani ni wino wa printa! Mama akachukua ile orodha akawaita wakopaji mmoja mmoja walete mdhamini mwingine. Tisa walileta ndani ya mwezi. Wawili walisumbua, mmoja akasema mbona kompyuta yenu ndiyo ilikubali, na kusema ukweli alikuwa na hoja.

Baada ya hapo nikadhani nimemaliza. Sema skrini ya kwanza ya mfumo ilikuwa na kibao kikubwa, IDADI YA WANACHAMA, na mimi siku moja nimekaa nasubiri mama amalize simu nikaona ile namba haiendani na orodha. Nikafungua kodi, RECCOUNT. RECCOUNT inahesabu rekodi zote zilizo kwenye faili, nyota na zisizo na nyota, haijali SET DELETED kabisa. Na nilikuwa nimeshawarudisha waliojitoa wote kutoka kwenye ile flashi. Nikaibadilisha ihesabu walio hai, namba ikashuka kutoka mia sita na ushee mpaka mia tano na kidogo, nikafunga laptopu nikaenda nyumbani.

Saa moja usiku mwenyekiti akapiga. Sauti ya taratibu kabisa. Kijana, mkutano mkuu ni Jumamosi, nimefungua kompyuta hapa niandae hotuba. Wanachama wangu umewapeleka wapi?

Nikamweleza, nyota, indeksi, RECCOUNT, vyote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akauliza kama ile hesabu ya zamani inaweza kurudi mpaka Jumapili.

Nikamwambia haiwezi mzee. Akakata simu. Jumamosi nilikaa nyuma ukumbini, akasoma ile ndogo.